Waridi la jangwani: namna ya kulikuza lisikuozee kwenye chungu

Kwenye miamba ya Tsavo, Baringo na Samburu, na katika nyika inayozunguka Ziwa Eyasi, kuna kichaka kinachokaa miezi mingi bila jani hata moja. Shina lake la kijivu limetuna chini kama mtungi, na jua linapokaza ndipo kinapochanua maua ya waridi yenye koo jeupe. Mmea huohuo ukiletwa mjini, ukatiwa kwenye chungu kizuri na kumwagiliwa kila jioni pamoja na maua mengine, mara nyingi haumalizi masika mbili. Shina linabonyea kama papai lililopitiliza kuiva, na mwenye nalo anaapa kwamba alilitunza sana. Ni kweli alilitunza, ila udongo haukupata nafasi ya kukauka. Karibu kila kitu kinachofuata hapa, iwe udongo, chungu, mahali au mbolea, kinarudi kwenye swali hilo: chungu chako kinakauka kwa siku ngapi?

Jina la kitaalamu ni Adenium obesum. La kwanza limetokana na Aden, kule Yemen. La pili maana yake ni nene. Kwa asili mmea huu umeenea kutoka Senegal ukipita ukanda wa Saheli hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, kisha ng'ambo ya bahari hadi Yemen na milima ya Dhofar nchini Oman. Si waridi hata kidogo. Ndugu zake ni akina mbungo, na undugu huo unaonekana ukikata tawi: utomvu unachuruzika hapo hapo.

Utomvu huo ni sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa Eyasi huuchemsha kupata sumu ya mishale. Kwa hiyo vaa glavu unapokata, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, weka chungu mbali na mbuzi na watoto wanaotia kila kitu mdomoni, na matawi uliyopogoa yafukie au yatupe mahali salama. Yasigeuzwe kijiti cha kuchomea nyama.

Mbegu au tawi?

Usiung'oe porini. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na hata nje ya hifadhi ni hasara: mizizi minene hukatika, jeraha huingiwa na unyevu, na mti wenye umri wa miaka mingi huoza ndani ya miezi. Tena hakuna sababu ya kung'oa, maana mbegu zake huota upesi kuliko nyanya.

Mche wa mbegu huanza kutuna shina tangu wiki za mwanzo. Tawi lililopandwa hutoa maua mapema, lakini tumbo lake huchelewa sana na mara nyingi halipati umbo lile la mtungi. Ukitaka shina nene, anza na mbegu. Ukitaka rangi ileile ya mti wa jirani, omba tawi.

Mbegu nzuri ni ngumu, imejaa, rangi ya kahawia, yenye urefu wa kama sentimita moja. Ukiibana kwa kucha ikabonyea, ni kapi. Mbegu zilizokaa zaidi ya nusu mwaka huota kwa kusuasua, kwa hiyo muulize muuzaji zilivunwa lini. Akianza kukuonyesha picha za maua ya buluu na meusi tii badala ya kujibu, funga mkoba wako. Waridi la jangwani la buluu halipo, na mbegu hairithi rangi ya mama yake kwa uhakika hata angekuwa mwekundu kama damu.

Chukua trei au beseni lililotobolewa chini, lenye kina cha sentimita 7 au 8. Jaza mchanganyiko wa nusu mchanga mkubwa wa mtoni na nusu makapi ya mpunga yaliyochomwa, au vumbi la makumbi ya nazi. Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 4 hadi 6. Zilaze, usizisimamishe, kwa nafasi ya sentimita 3 kati ya moja na nyingine, kisha zifunike kwa nusu sentimita tu ya mchanganyiko uleule. Nyunyizia maji mpaka yatoke chini, uweke trei penye mwanga mwingi usio wa jua kali. Joto linalofaa ni nyuzi 27 hadi 32. Pwani hali hiyo ipo yenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi au Arusha funika trei kwa nailoni inayopitisha mwanga, uifunue kila siku kwa muda ili hewa ipite.

Mbegu mpya huchomoza kati ya siku ya 4 na ya 7. Ambazo hazijaota baada ya wiki 2 usizingoje. Kuanzia hapo punguza maji: nyunyizia tu sehemu ya juu inapokauka, na uizoeze miche jua la asubuhi. Wengi hupoteza miche wiki hii kwa sababu wanaendelea kuloweka kama vile bado wanaotesha. Mche unasinyaa pale shina linapokutana na udongo, unalala, na kesho yake jirani zake nao wamelala. Huo ni ukungu wa kitaluni, na chanzo chake ni unyevu, msongamano na hewa iliyotuama. Ondoa iliyolala pamoja na udongo wake, acha trei ikauke, isogeze penye upepo.

Miche ikifikisha majani halisi 6 au zaidi, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8, kila mmoja uhamie kwenye kopo lake la upana wa sentimita 8 hadi 10.

Kwa tawi: kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, unene wa kidole, ondoa majani ya chini, kiache kivulini siku 3 hadi 7 mpaka jeraha lifunge na kukauka kabisa. Kichomeke sentimita 4 au 5 kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Mizizi huja ndani ya wiki 3 hadi 6. Tawi lililopandwa siku hiyohiyo lilipokatwa huozea chini kabla halijatoa mzizi.

Udongo na chungu

Udongo mweusi wa mifuko unaouzwa kando ya barabara haufai ukiwa peke yake, haidhuru unafananaje na keki. Pima kwa kopo moja: kopo 3 za mchanga mkubwa wa mtoni, changarawe ya milimita 3 hadi 6 au tofali la kuchoma lililopondwa, kopo 2 za makapi ya mpunga yaliyochomwa au vumbi la makumbi, kopo 1 ya mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu, na nusu kopo ya mkaa uliopondwa. Walio karibu na Longonot na Naivasha watumie yale mawe mepesi ya volkano badala ya changarawe. Yanashika unyevu kidogo ndani na kupitisha hewa, hakuna kitu bora zaidi. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina maji, punguza mboji iwe nusu kopo. Kwa Dodoma iache kama ilivyo.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Mchanga laini wa kupiga plasta nao hufunga kama saruji ukishalowa mara kadhaa. Ukitaka kutumia huohuo ulio nao, upepete kwa chekecheo na ubaki na punje nene peke yake.

Jaribu mchanganyiko kabla ya kupanda. Jaza chungu, ulowanishe mara moja, kisha mimina lita moja ya maji. Yakianza kutoka chini ndani ya sekunde 10 hivi na juu hakuna dimbwi, umepatia. Yakisimama juu, ongeza changarawe.

Chungu kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, cha udongo usiopakwa rangi, kwa sababu kinapumua na kukauka pembeni. Kipenyo kizidi shina kwa sentimita 3 au 4 tu kila upande. Hapa ndipo wenye moyo mkubwa wanapokosea: mche mdogo kwenye chungu kikubwa umezungukwa na udongo ambao mizizi haiufikii, udongo huo unakaa na maji wiki nzima, na kuoza kunaanzia huko. Matundu yawe angalau 2, ya upana wa sentimita 2, na chungu kisimame juu ya mawe 3 ili matundu yasizibwe na sakafu.

Lile tabaka la kokoto chini ya chungu, ambalo kila fundi bustani hulitia kwa kujiamini, halisaidii. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinapandisha tu ile sehemu yenye tope ikaribie mizizi. Weka kipande cha chandarua juu ya tundu, basi.

Unapohamisha mmea, utoe kwenye udongo wa zamani, kata mizizi iliyokatika au laini, uache kivulini siku 3 mpaka vidonda vikauke, kisha panda na usimwagilie kwa siku 5 hadi 7 nyingine. Kila mara unapohamisha, baada ya mwaka mmoja au miwili, uinue mmea sentimita 2 au 3 juu ya ulivyokuwa. Ndivyo mizizi minene inavyoonekana na mti unavyopata lile umbo la mguu wa tembo. Sehemu iliyofichuliwa ngozi yake bado laini, ikipigwa na jua la saa 7 mchana huungua na kuacha kovu la kahawia, kwa hiyo ipe kivuli chepesi wiki 2. Tena weka alama upande uliokuwa ukitazama jua, uurudishe hukohuko.

Maji

Watu husikia "jangwani" wakadhani mmea haunywi. Unakunywa sana: kwenye joto, ukiwa na majani na unakua, chungu cha sentimita 20 kinaweza kuhitaji maji kila baada ya siku 2 au 3. Usichoweza kuvumilia ni udongo baridi uliolowa wakati mmea umelala.

Pima kwa kijiti kikavu cha mshikaki. Kichomeke sentimita 5 au 6 pembezoni mwa chungu, subiri dakika 5, kitoe. Kikitoka na punje za udongo zilizogandana, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, halafu usiguse tena mpaka kikauke. Kutia kikombe kidogo kila siku ni kubaya kuliko mafuriko mara moja kwa wiki, kwa sababu juu hapakauki na chini hapalowi.

Kisha bonyeza shina kwa vidole. Gumu kama muhogo mbichi: mmea umeshiba. Limelegea na udongo mkavu: una kiu, mwagilia, baada ya siku 2 litakaza. Limelegea na udongo umelowa: limeanza kuoza. Dalili ni moja, dawa ni kinyume, na maji anayoongezewa mgonjwa aliyeanza kuoza ndiyo yanayommaliza.

Kwa pwani, mwaka unakwenda hivi. Januari na Februari jua ni kali, mwagilia kila udongo unapokauka. Masika ikianza Machi, sogeza vyungu chini ya ukingo wa paa mahali vinapopata jua la asubuhi bila mvua ya moja kwa moja. Mvua ya siku moja haina neno, ya siku 10 mfululizo ndiyo yenye shida. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, majani yanapoanza kuwa ya njano na kudondoka, mmea unapumzika: maji kidogo mara moja kwa siku 10 yanatosha, na ukidondosha majani yote, hata kila baada ya wiki 3. Septemba ukichipua, rudi kwenye ratiba ya joto polepole.

Nairobi Julai ni jambo jingine. Mawingu, usiku wa nyuzi 11 au 12, udongo haukauki. Acha kumwagilia kabisa mpaka jua lirudi, na weka chungu kwenye dirisha linalopata mwanga mwingi kuliko yote. Chini ya nyuzi 10 mmea huumia. Walio Muscat wana tatizo la kinyume: chungu cheusi cha plastiki juu ya saruji mwezi Juni hupika mizizi. Kipake chokaa au kiweke ndani ya chungu kingine, na kipate kivuli alasiri.

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiona ukingo wa majani umeungua na utando mweupe juu ya udongo, kusanya maji ya mvua, na mara moja kwa mwezi wakati wa joto mimina maji hayo mara 3 ya ujazo wa chungu ili yasafishe chumvi.

Jua, mbolea na kupogoa

Saa 6 za jua la moja kwa moja ndicho kima cha chini. Chini ya hapo mmea unarefuka, unapinda kufuata mwanga na hautoi maua. Aliyenunua kwa ajili ya sebuleni amenunua kitu kisichokuwa chake.

Mbolea ya NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) inatosha: nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sentimita 20, kila baada ya wiki 6, wakati mmea unakua tu, ikitiwa pembezoni kwenye udongo uliolowa tayari. Urea na samadi mbichi ya kuku hutoa matawi marefu, laini, ya kijani ya kupendeza, bila ua. Shina lililokuzwa hivyo pia huoza kirahisi.

Ua hutoka kwenye ncha ya tawi. Tawi moja refu, shada moja. Likikatwa likatoa machipukizi 3, mashada 3. Pogoa mwishoni mwa Agosti au Septemba, joto linaporudi na kabla ya vuli. Tumia kisu au wembe uliofutwa kwa spiriti, ukirudia kufuta kwa kila mti. Kata juu kidogo ya kovu la jani linalotazama nje, ubakishe sentimita 10 hadi 15. Futa utomvu, paka unga wa salfa au mkaa laini, na kwa siku 4 maji yasiguse vidonda. Maua hufuata baada ya miezi 2 au 3. Mche wa mbegu uliopata jua huweza kuchanua ukiwa na mwaka mmoja, wakati mwingine kabla.

Miti yenye maua ya tabaka mbilimbili, mengi yake yanayotoka Thailand na Taiwan, imebebeshwa, yaani tawi la mti mmoja limeunganishwa kwenye shina la mwingine. Tafuta kovu la V kwenye matawi. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu ni la shina mama. Likate mara moja, vinginevyo litalimeza lile tawi ulilolilipia.

Yanayoharibika

Shina likioza, usingoje Jumamosi. Ng'oa, osha mizizi, kata kwa kisu kilichofutwa spiriti mpaka ufike nyama nyeupe isiyo na doa la kahawia hata moja, ukifuta kisu kila unapokata. Doa moja ukiliacha kwa huruma, kazi yote imepotea. Paka salfa, uning'inize kivulini penye upepo siku 7 hadi 14 mpaka jeraha liwe na ngozi ngumu, kisha panda kwenye mchanganyiko mkavu, usubiri wiki nzima kabla ya maji ya kwanza. Kama doa linapanda katikati ya shina mpaka juu, okoa matawi mazima na uyapande.

Majani yenye vumbi la fedha na utando mwembamba upande wa chini ni utitiri mwekundu, mgeni wa kiangazi. Upige kwa maji ya nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku 3 mfululizo; utitiri ukirudi, nyunyizia mafuta ya mwarobaini na sabuni jioni jua likishazama, maana mchana mchanganyiko huo huunguza majani. Vidukari vya njano kwenye vichanga vya maua huondoka kwa dawa hiyohiyo. Vidung'ata, wale weupe wa unga kama pamba, wafute kwa kitambaa chenye spiriti, na wakionekana tena na tena chungulia kwenye mizizi. Majani yakitoweka usiku mmoja, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa. Sumu haimdhuru. Mtoe kwa mkono.

Kupata mbegu zako mwenyewe

Mti mmoja peke yake kwa kawaida haujizalishi. Unahitaji miti 2 iliyotokana na mbegu tofauti, si matawi ya mama mmoja. Kwenye bustani ya mjini wadudu wanaofaa ni wachache, kwa hiyo kazi ni ya mkono. Chukua ua lililofunguka siku hiyo au jana yake, chana upande mmoja wa faneli mpaka chini. Utaona stameni 5, yaani viungo vya kiume vya ua, zimeshikana kuwa koni. Ifungue kwa pini. Chavua, ule unga wa kiume wa ua, ina rangi ya maziwa na iko ndani, upande wa juu. Ibebe kwa ncha ya kijiti chenye unyevu. Kwenye ua la mti wa pili fungua koni vilevile, lakini chavua usiiweke juu ya kichwa cha stigma, kile kiungo cha kike kinachopokea chavua: ipitishe chini ya ukingo wake, pale penye unato. Ndiyo sababu wanaopaka juu kwa brashi hawapati kitu.

Ikishika, baada ya wiki 2 hivi vinachomoza vipembe viwili. Vinakomaa kwa miezi 3 au zaidi, na vikikauka hupasuka ghafla. Kila mbegu ina kishungi cha manyoya kila ncha na huruka na upepo wa kwanza. Pembe zikianza kubadilika rangi, zifunge kwa uzi sehemu 3. Zikipasuka ndani ya uzi, vuna, ng'oa manyoya, weka mbegu kwenye bahasha ya karatasi na uandike tarehe juu yake.